Niliiwekea kompyuta ya redio startup, ikatangaza kifo changu mchana kweupe

Jambo wakuu, kutoka Butembo.

Ninachosimulia hapa ni kweli tupu. Atakayesema ni chai, aje mjini aulize. Nusu ya mtaa wetu ilishanililia, itamjibu.

Mtaani kwetu kuna redio ndogo. Chumba kimoja cha studio, antena juu ya paa, na desktop moja ya Windows inayocheza nyimbo na matangazo wakati hakuna mtu.

Mimi ni mwalimu, si fundi. Chuo kikuu nilisoma falsafa, na tangu hapo sijapata mtu wa kuniuliza swali la falsafa. Lakini huku kwetu mwenye miwani huhesabiwa kuwa anajua kompyuta, nami sikuwahi kukanusha.

Shida ya redio ilikuwa umeme. Ukikatika, mashine inazimika. Ukirudi, lazima mtu aje, awashe, aandike password, afungue programu. Asipokuwepo, redio inabaki bubu.

Nikasema, hilo dogo.

Niliingia kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine, nikaiamuru mashine ijiwashe umeme ukirudi. Nikaondoa password. Kisha nikabonyeza Windows na R, nikaandika shell:startup, folda ikafunguka, nikaweka humo shortcut ya programu ya kucheza. Chochote kilichomo kwenye folda ile huanza chenyewe mashine ikishaingia kwenye Windows. Nusu saa tu, nami nikajiona injinia.

Ikabaki kujaribu. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Kwa wasiotujua: kwetu mtu akifa, familia huleta communiqué redioni. Husomwa jina la marehemu, kisha majina ya wanaotakiwa kupata habari, mmoja mmoja, na mahali alipo kila mmoja. Ukisikia jina la mtu unayemjua, kumfikishia ni kazi yako. Unaacha jembe, unapiga simu. Redio yetu hata Beni inafika kwa shida, lakini majina hufika popote.

Nilihitaji tangazo la majaribio. Kumuua mtu mwingine niliona ni utovu wa adabu. Kubuni jina nako ni hatari, maana kila jina utakalobuni Butembo lina mwenyewe. Nikatumia langu.

Nikarekodi kwa sauti nzito: "Familia inasikitika kutangaza kifo cha Kambale, yule mwalimu wa miwani. Habari zifike kwa shemeji yake huko Kasindi, kwa binamu zake mjini Beni, na kwa dada yake Masika huko Mbau."

Playlist ikawa wimbo mmoja na communiqué, irudie bila kikomo, na shortcut nikaielekeza hapo. Tukazima mtambo wa kurusha matangazo, nikarestart. Ikaanza yenyewe, vizuri kabisa. Mimi na Kahindo, mtangazaji wetu, tulicheka mpaka machozi.

Baadaye nikafungua playlist ya kweli kwa mkono, nikaenda zangu. Shortcut sikuigusa. Ilikuwa bado inaelekeza kwenye playlist ya majaribio.

Wiki mbili umeme haukukatika. Muujiza ule ndio ulioniponza.

Siku yenyewe nilikuwa kwa kinyozi, povu usoni, miwani mezani. Umeme ukaenda, ukarudi. Redio ya kinyozi ikakoroma kidogo, ukapigwa wimbo ninaoujua. Kisha nikasikia nimekufa.

Kinyozi akasimamisha wembe shingoni mwangu.

"Aa, ule nilikuwa namujua," akasema. "Alikuwa mutu ya kubishana sana. Batu ba kusoma banaisha mbio."

"Ni miye," nikasema.

Akanifuta povu kwa kidole, akanitazama, akarudi nyuma hatua mbili.

Na kumbukeni, sauti ile ilikuwa yangu. Marehemu alikuwa anajitangaza mwenyewe na hakuna aliyeshangaa. Watu wetu hawasikilizi sauti, wanasikiliza majina.

Kicheko kilinikauka nilipokumbuka jina la mwisho. Masika. Dada yangu mkubwa, mwenye presha, Mbau.

Nikampigia. Simu ikaita mara tatu ndipo jirani yake akapokea.

"Mama Masika alishatoka," akasema. "Alibeba kitenge moja tu, simu alisahau ku meza. Batu ba Butembo balimupigia, mudogo yake amekufa. Ni nani anaita?"

"Kambale."

Akakata. Sikumlaumu.

Wakuu, wiki ile barabara ya Mbau kwenda Beni watu walikuwa wanaipita asubuhi tu, tena kwa makundi, kwa kuogopa waasi wa porini. Baada ya saa sita hakuna aliyekuwa anaithubutu. Dada yangu alikuwa ameingia njia ile saa saba, peke yake nyuma ya pikipiki, kwa sababu ya faili niliyorekodi nikicheka.

Nilikimbia hadi redioni nusu shavu limenyolewa. Mlango umefungwa. Kahindo alikuwa kwenye maziko, ya mtu aliyekufa kweli. Kupitia ukutani nilijisikia nikifa kwa mara ya tano.

Swichi kubwa ya umeme iko nje. Nikaishusha. Kimya.

Ndipo nikaelewa kwamba nimejiziba mdomo. Bila umeme siwezi kukanusha. Na umeme ukiwaka, mashine yangu tiifu itaamka, itaingia, itaanza upya.

Tangazo lilikuwa limemfikia Kahindo mazikoni; alifika akihema, ufunguo mkononi. Nikanyoosha mkono kupandisha swichi. Akanishika.

"Papa, acha! Tukiwasha, utakufa tena. Ngoja nichomoe kompyuta, tubakize mikro."

Miaka yote ya falsafa, wakuu, na wazo hilo halikunijia.

Akachomoa, tukawasha, nikakaa mbele ya mikrofoni. Sauti nzito ilikuwa imekwisha. Nikasema: "Hapa ni Kambale. Niko mzima. Habari zifike kwa dada yangu Masika, aliye njiani kati ya Mbau na Beni, juu ya pikipiki. Yeyote anayemjua mtu kwenye njia ile, ampigie. Mama huyo asimamishwe, aambiwe."

Nikarudia. Nikarudia tena. Kahindo alikuwa anashika simu yangu kwa mikono miwili kama yai.

Karibu saa nzima. Sina la kuandika kuhusu saa ile.

Kisha namba nisiyoijua.

"Ni nani?" Sauti yake.

"Ni miye, yaya," nikasema, kwa neno letu la dada mkubwa. "Kambale."

"Kambale alishakufa."

"Yaya, niko muzima. Ilikuwa kompyuta."

"Kompyuta gani inatangazaka kilio? Kama ni weye, sema: siku ya kuzika baba, ni nani alichelewa?"

"Ni miye. Kiatu yangu ilibakia mu matope."

Akalia, kilio kirefu, na nyuma yake wanawake wakalia naye. Alikuwa Mavivi, karibu na Beni. Muuza ndizi wa pale alikuwa amepigiwa na mtu, akaingia barabarani kusimamisha pikipiki. Kipande kibaya chote dada yangu alikuwa ameshakipita, akilia, bila kutazama pembeni.

Alipopata pumzi nikamweleza yote, naye akauliza: "Sasa juu ya nini ulinitaja wa mwisho? Shemeji wa Kasindi mbele yangu? Miye nilikubeba ku mugongo!"

Wakuu, somo ni hili. Programu mnazoziweka startup zitatii, lakini zitatii shortcut, si nia yenu. Ukimaliza majaribio, fungua folda ile uangalie kila shortcut inaelekeza wapi. Kisha restart, ukae mpaka mwisho usikilize. Na usijaribu kwa faili ambayo hungependa mji mzima uisikie.

Shortcut ile sasa inafungua rekodi mpya kwanza: "Umeme umerudi. Kambale ni mzima. Habari zifike kwanza kabisa kwa dada yake Masika huko Mbau." Halafu ndiyo nyimbo. Nilitaka kuitoa baada ya wiki moja, wasikilizaji wakakataa.

Kwa hiyo kila umeme ukirudi Butembo, kuna watu wanampigia Masika. Analalamika kwamba wanamchosha. Lakini siku umeme uliporudi na simu yake haikuita, alinipigia yeye mwenyewe.

Haya, semeni nanyi: kwenye startup zenu kuna nini, na mara ya mwisho kuifungua folda ile ilikuwa lini?