Mfereji wa Mama Osea na Kadi Yangu ya Siku Thelathini

Ukifika Hasamba ukauliza nani wa kwanza kuwapa wanafunzi kazi ya malipo wakati wa likizo, watu watakutajia dada yangu Tabita, Mama Osea. Sawa, siwabishii. Lakini wangekuwa na kumbukumbu nzuri wangenitaja na mimi Anania, mdogo wake, maana kama si kosa langu yeye asingepata la kurekebisha.

Dada Tabita hakujua kukaa. Alikula amesimama, alisali akiangalia mlango, na ukimpa kigoda anakigeuza kuwa cha kuwekea sufuria. Mume wake alipofariki alimwachia mibuni mia nne na mtoto mmoja, Osea, ambaye alipita Tunduma kwenda kuchimba shaba ng'ambo akatuandikia barua mbili, ya pili fupi kuliko ya kwanza. Wanaume wengi wa kwetu walikuwa huko, au Chunya kwenye dhahabu. Shamba likabaki mikononi mwa mwanamke mmoja asiyetulia.

Mwaka hamsini na tatu kahawa yake iliharibika. Kijito kiko mbali na mashine yake ya kumenyea, na maji aliyabeba kichwani. Kahawa ikikosa maji ya kuoshea inakaa kwenye pipa siku nyingi mno, inanuka. Mnunuzi wa chama cha ushirika alitia pua kwenye gunia, akalisukuma pembeni kwa mguu. Ndipo shemeji yake, Nikodemo, akaitisha ukoo wa marehemu. Wakaamua: msimu mmoja tu. Kahawa ikinuka tena, shamba analichukua Nikodemo.

Kuanzia siku hiyo dada akawa anatembea. Kijitoni, kwenye mashine, kijitoni tena. Mwezi Mei mwaka uliofuata nikamwambia, "Dada, utachimba mfereji kwa nyayo."

Akasimama. "Mfereji," akasema. "Wanafunzi wanarudi likizo mwezi wa sita."

Walikuwa watatu. Lwitiko na Fanueli walisoma shule ya kati, na Priska shule ya wasichana ya misheni. Wote walihitaji karo ya kurudi nayo. Dada akaenda kwa wazazi wao, wakakubali. Mimi nikajitolea kusimamia. Hapo niseme wazi: niliwahi kuwa msaidizi wa nyapara kwenye shamba la chai Rungwe, miezi minne mizima. Shule niliishia darasa la tatu, na niliacha mwenyewe, msisikilize maneno ya watu.

Nikafanya kama tulivyofanya Rungwe. Nikakata boksi la sabuni, nikatengeneza kadi tatu nzuri, kila moja na vyumba thelathini. Kila asubuhi nampimia mtu ngwe yake, kipande cha kuchimba siku hiyo. Akiimaliza natia alama. Asipoimaliza, hakuna alama. Kadi ikijaa, ndipo malipo. Ngwe zenyewe nilizipima kwa hatua zangu, na mimi nina miguu mirefu, kila mtu anajua.

Siku ya kumi na mbili Lwitiko akaweka jembe chini. Kijana mwembamba, mdomo mpana.

"Mjomba Nyapara," akasema, "tuna swali la hesabu."

"Uliza. Hesabu ndiyo yangu."

"Likizo ni siku ishirini na nane. Jumapili ni nne, na Jumapili hutii alama. Zinabaki ngapi?"

Nikatazama mawingu. Priska akanisaidia, "Ishirini na nne, mjomba."

"Basi kadi ya vyumba thelathini inajaa lini?"

Nikawaambia hiyo ndiyo desturi ya kadi. Fanueli, ambaye kwa kawaida haongei, akasema, "Kule Tunduma mtu anavusha gunia la mahindi mpakani, analipwa palepale. Kesho mimi naondoka."

Dada alikuwa anakuja na uji. Alisikia yote. Akaweka chungu chini bila kumwagia mtu.

"Anania, nionyeshe hiyo kadi."

Nikampa. Akaigeuza, akasoma upande wa sabuni, akaigeuza tena.

"Hii desturi ya nani?"

"Ya shambani, dada. Ukimlipa mtu kabla hajamaliza mwezi, anatoroka."

"Hawa mwezi hawana. Wana kengele ya shule inawangoja. Wewe ulitaka warudi darasani na makaratasi ya sabuni?" Akawageukia. "Wanangu, nipeni mpaka kesho asubuhi. Kesho mkiona bado ni maneno, nendeni Tunduma, sitawazuia."

Mchana ule alimfunga kamba nguruwe wake mmoja, akamswaga hadi Vwawa kwa mchinjaji. Yule nguruwe nilikuwa nimeshaahidiwa kichwa chake, sikukuu. Sikusema kitu. Nilisema kidogo tu.

Asubuhi tukamkuta kwenye njia ya mfereji na vigingi vitano vyenye vitambaa vyekundu. Alikuwa amekwisha vichomeka ardhini, kuanzia kijitoni hadi kwenye mashine.

"Kutoka kijitoni hadi kigingi cha kwanza mmekwisha chimba," akasema. "Malipo yake haya hapa, shikeni kwanza. Zimebaki sehemu nne. Kila sehemu ikiisha, namimina mtungi wa maji. Maji yakitembea, nalipa siku hiyohiyo. Mtafanya kazi mpaka saa sita. Mchana ni wa mama zenu na vitabu vyenu. Priska, andika kwenye daftari lako, tutie sahihi wote. Na kazi za kupewa na walimu mnazo?"

"Tunazo," akasema Priska. "Tena kupima mteremko tumefundishwa, kwa matuta ya kuzuia udongo. Unafunga miti mitatu pembetatu, unaning'iniza jiwe kwa kamba."

"Kwa nini hamkusema?"

Watoto wote watatu wakanitazama mimi. Ni kweli nilikuwa nimewaambia kwamba jicho langu halihitaji miti. Basi sehemu ya pili wakaniachia nipitishe kwa jicho, kwa heshima tu. Dada akamimina mtungi. Maji yakatembea hatua sita, yakafikiri, yakarudi kwenye viatu vyangu.

"Mjomba," akasema Lwitiko, "maji yamekupenda."

Tukachimba upya kwa pembetatu, na upya huo nikauchimba mimi, bila malipo. Baada ya hapo kazi ilikimbia. Mimi nilimwonya dada: ukiwalipa hivi, siku karo ikitimia watakuacha na shimo. Usidhani hakusikia. Kila alfajiri alikuwa barabarani anawangoja, anafungua khanga, anaifunga, anahesabu vichwa vikija kwenye ukungu.

Kahawa nayo haikutusubiri. Wiki ya mwisho matunda yalikuwa mekundu, wanawake wa jirani wamekwisha anza kuchuma, magunia yamepangwa kando ya mashine. Ijumaa tukafika kigingi cha nne. Sehemu ya tano ilikuwa fupi kuliko zote, na katikati yake tukakuta mwamba. Mapanga, majembe, yote yalilia tu juu yake. Siku hiyo wote walikuwa wamekwisha pata karo kamili. Jumatatu shule.

Jumamosi asubuhi wakaja wawili. Lwitiko hakuwepo.

"Nilikuambia," nikamwambia dada, na mpaka leo najuta kwa jinsi nilivyolisema kwa furaha.

Nikodemo naye alikuja, ameshika fimbo, akasimama juu ya mwamba kama amekwisha kuurithi. "Shemeji, haya magunia utayabebea maji tena?"

"Siku haijaisha, shemeji," dada akasema. Akatembea hadi njia panda, akarudi. Akaenda tena. Nilimhesabia safari saba, nikachoka mimi niliyekaa.

Jua lilipokuwa limepanda vizuri Lwitiko akatokea, jasho mpaka kwenye kaptura, begani nyundo kubwa na patasi za chuma. Baba yake alikuwa fundi wa mawe, anajenga kanisa upande wa pili wa bonde.

"Ulikwenda wapi bila kusema?" nikamuuliza.

"Ningesema ungeniambia mwamba unavunjika kwa jicho."

Dada alimpokea nyundo. "Karo yako si umepata, mwanangu?"

"Nimepata, Mama Osea. Lakini tumetia sahihi vigingi vitano."

Walipasua mwamba kwa zamu, na nikaona Nikodemo ameweka fimbo chini, anashika patasi, maana mwanaume hawezi kutazama jiwe linapasuliwa vibaya akanyamaza. Saa kumi hivi Priska akaweka pembetatu yake kwa mara ya mwisho, jiwe likatulia katikati. Tukafungua maji kijitoni. Yalikuja polepole, yanasukuma majani na mende, yakapita kigingi cha kwanza, cha pili, pale kwenye viatu vyangu bila hata kunisalimu, yakapenya mwamba, yakaingia kwenye pipa.

Dada alilipa sehemu ya tano. Kisha akakaa chini, kwenye gunia. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa. Alikaa labda muda wa kumenya ndizi moja, akainuka: "Anania, mashine hiyo, zungusha mkono."

Nilizungusha mpaka giza. Mwezi wa nane mnunuzi alitia pua kwenye gunia, akaitia tena, akaandika daraja la kwanza. Ukoo haukukutana tena.

Mei iliyofuata Nikodemo alikuja mwenyewe, na vigingi chini ya kwapa. Alitaka na yeye mfereji, na wanafunzi.

"Likizo ni siku ngapi, shemeji?" dada akamuuliza, amesimama mlangoni.

Nikodemo akanitazama mimi nimsaidie. Nikamnyanyulia vidole, kwanza viwili, kisha vinane.