Ukuta wa Manila Thelathini na Nane

Watoto walimwita Mwalimu Paswedi, lakini mimi nilimfunga nepi. Ni binti wa kaka yangu. Shule aliyofundisha kompyuta nimeifagia miaka thelathini na moja, na darasa la saba nililimaliza, tena nikiwa wa tatu, kwa hiyo nikisema nilisoma jambo ukutani, nilisoma kweli.

Chumba chake kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Yeye ndiye aliyezibua madirisha, akaomba kompyuta kumi na moja zilizotupwa na ofisi fulani, akazishonea vifuniko kwa mapazia ya zamani ya mama yake. Hakuna aliyeingia na viatu. Akiona kidole chenye mafuta kinakisogelea kioo alisema, "Hicho kidole kimetoka wapi, jikoni?" na darasa zima linacheka. Mkali wa vitu vidogo, tangu utotoni.

Mwaka ule aliamua kuwafundisha darasa la tano kujilinda mtandaoni. Akampa kila mtoto karatasi ya manila. "Andika mambo ambayo hutamwambia mtu usiyemjua."

Watoto wetu wakiambiwa andika, wanaandika. Hawakuandika "jina langu." Waliandika jina lenyewe, na lile la nyumbani, na namba ya simu inayopokewa kwao. Hawakuandika "njia ninayopita." Waliandika: napita nyuma ya kiwanda cha mbao, peke yangu, kwa sababu mama hutoka kazini saa kumi na mbili. Wakapamba kwa maua. Karatasi thelathini na nane, ukuta mzima.

Nilizisoma zote, fagio mkononi.

"Mwanangu, huu ukuta unasema mno."

"Shangazi, mtandao haukai ukutani. Wewe nipigie deki tu hapo."

Nikanuna. Wiki nzima sikumsemesha, na hilo najilaumu hadi leo, maana siku ileile alikuwa ameupiga picha ule ukuta na kuiweka kwenye ukurasa wa shule, watu waone kazi nzuri. Ningekuwa naongea naye, angeniambia.

Wiki ya tatu msichana mmoja, tunamwita Kidoti kwa alama yake ya shavuni, alibaki kitini wenzake wakitoka. Alisema ana rafiki wa umri wake, humwandikia kwenye simu ya dada yake.

"Anasemaje?" mwalimu akauliza.

"Ananiita lile jina analoniita bibi tu. Anajua mama anafua mashuka hospitali. Amesema Alhamisi baba yake atakuja kunichukua, mama ameshakubali, ili nisipite kwenye mbao."

Mwalimu alimtazama mtoto, kisha akageuza shingo polepole kuutazama ukuta. Nilikuwa mlangoni na ndoo. Karatasi ya Kidoti ilikuwa mstari wa pili, yenye ua la njano.

Alikwenda kwa mwalimu mkuu akasema yote bila kuzungukazunguka. Mwalimu mkuu alitaka limalizwe kimyakimya: picha ifutwe, mama yake Kidoti aambiwe, askari mmoja akae kiwandani Alhamisi.

"Na hao wengine je?"

"Wengine hawajaandikiwa."

"Hawajasema. Picha ina watoto thelathini na nane."

"Utafukuzwa, unajua."

"Najua. Wazazi nitawaambia leo."

Akawaambia, amesimama mbele yao. Alitukanwa mpaka nikatamani kuziba masikio. Hakujitetea. Aliwaomba jambo moja tu: Alhamisi mtoto yeyote asitoke darasani mpaka mzazi wake mwenyewe afike mlangoni.

Alhamisi tukakaa nao, wamebanana kwenye kile chumba. Kule kiwandani askari hakuona mtu. Saa tisa na nusu mlinzi wa geti la nyuma akaingia, kofia mkononi.

"Mwalimu, kuna bwana kaja kuchukua mtoto. Katumwa na mama yake."

"Kidoti?"

"Hapana." Akataja jina lingine, la nyumbani, jina la kubembelezea.

Katoto kadogo kuliko wote, karatasi yake mstari wa nne, kakaitika kutoka dawatini: "Abee."

Nilikimbia na umri wangu huu. Getini hapakuwa na mtu. Mlinzi alisema ni bwana wa kawaida, kanyoa vizuri, mpole, na alipoambiwa asubiri alishukuru.

Hajakamatwa. Karatasi tulizichana sisi wawili, picha ikafutwa, lakini askari alisema walioihifadhi hawahesabiki. Mwanangu kazi aliipoteza mwisho wa mwezi. Bado kila alasiri huja kusimama geti la nyuma mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe, na hakuna aliyethubutu kumfukuza hapo.

Wale watoto sasa wako darasa la saba. Ukimwita mmoja kwa jina lake la nyumbani, haitiki. Hata mama yake akiita, kwanza hugeuka aone ni nani.