Flopi za Fundi Oluoch

Matanga ni mahali pa uongo. Nilipiga chapa programu za mazishi miaka minne pale Kawangware 46, kwa bureau ya Kihara, kiduka cha kuchapa karatasi, na sikuandika marehemu mlevi hata mmoja. Wote walipenda Mungu, wote walipenda amani, na kama walikaa chumba cha mabati Kibera, waliandikwa "aliishi Nairobi". Mimi naandika tu. Kazi ni kazi.

Oluoch ndiye alikataa. Alikuwa fundi wa mbao kutoka Kambi Muru, kijiji cha Kibera, mzee mrefu, mkavu. Alikuwa analeta vitanda kwetu na mkokoteni, kwa sababu huku Kabiro, upande wetu wa Kawangware, ploti za kukodisha zilikuwa zinaota kila mwezi na kila mpangaji anataka pa kulala. Siku moja mwaka wa tisini na nane akaingia na vumbi la mbao kwa nyusi, akakaa, akaniambia, "Mercyline, andika. Mimi Oluoch nimekufa."

"Mzee, si uko hapa?"

"Nikienda sitakuwepo kusahihisha. Andika sasa."

Basi akasema, nikaandika. Haikujaa hata karatasi moja. Kwamba alikuja kijana, akakaa Kambi Muru hadi mwisho, na msiseme Nairobi, semeni Kambi Muru. Kwamba hakujenga nyumbani, pesa yake ilimsomesha Celine, binti yake wa pekee, mpaka akawa mwalimu. Halafu akafika pale panapouma. Kwao Siaya mwanaume hazikwi kama hana nyumba kwa boma lake. Akifa kabla ya kujenga, ndugu wanamwinulia moja haraka haraka, mwili unalala ndani, na waombolezaji wanaambiwa marehemu alijenga. Oluoch akasema, "Msinijengee nyumba ya uongo. Mniweke nje. Nimefanya kazi nje maisha yangu yote, baridi tunajuana."

Akauliza haya maneno sasa yatakaa wapi. Nikamwonyesha kompyuta, nikamwambia kuna hard disk ndani, imefungwa na skrubu, vumbi haliifikii, na inaweza kumeza matanga ya Kibera yote na isishibe.

"Ni ya nani?"

"Ya Kihara."

"Basi hapo nitakuwa mpangaji tena."

Akaniuliza kuhusu kaseti, maana redio anayo. Nikamwambia mashine yetu haili kaseti. CD zilikuwepo, na hizo ukishaandika huwezi kufuta, lakini mashine ya kuziandika ilikuwa kwa maofisi ya tao, katikati ya jiji, na hatungepita hata kwa askari wa mlangoni. Nikatoa flopi. Akaikunja kidogo, akacheka. Ni hii plastiki? Nikamwambia ukweli: inaharibika upesi, inabeba kidogo, lakini inaingia mfukoni na unatembea nayo, hakuna wa kuomba ruhusa.

"Haina kale kajino ka kuvunja, kama kaseti, mtu asirekodi juu?"

Nilimpenda huyo mzee kwa hilo swali. Nikamwonyesha kale kakifungo ka pembeni. Ukikasukuma tundu likabaki wazi, kompyuta inasoma tu, haiwezi kuandika. Nikahifadhi maneno yake, nikampa flopi. Akatoa patasi kwa mfuko wa ovaroli, akakang'oa kakifungo kabisa, akakatupa kwa ndoo ya takataka.

Kihara alinuna. Kwake mteja hakupewa flopi, ati akienda nayo ameenda na biashara. Nikamwambia mzee ameinunua, ni mali yake.

Haikupita muda, Oluoch akarudi. Flopi haisomeki, imekuwa tupu kama kibuyu. Nikamuuliza ameiweka wapi. Kwa msumari pale karakana, akasema, karibu na sumaku. Ile sumaku ya spika kuukuu, ya kuokotea misumari kwa vumbi la randa! Nilimgombeza mpaka nikasahau ni mzee. Sumaku inafuta flopi, nani hajui? Lakini pia nani alikuwa amemwambia? Mimi nilimweleza kila kitu nikaacha hicho. Tukashukuru hard disk ya Kihara, nikatoa nakala tena humo. Safari hii akanunua tatu. Moja ya mkewe, Adhis, moja ya Celine, moja akaniachia mimi. Zote akazing'oa vifungo.

"Nyumba moja inaungua," akasema. "Watatu si rahisi kuwachoma pamoja."

Mwaka uliofuata kifua kikamchukua. Kakake, Benard, akatoka Siaya na suti nyeusi, akaja moja kwa moja kwa bureau, kwa sababu kila mtu alijua mzee ameacha maneno kwetu. Kihara akayafungua, Benard akasoma kwa kioo, jasho likamtoka.

"Hapana. Weka kwamba alikuwa na nyumba ya kudumu. Na hii Kambi Muru toa, andika Nairobi."

Kihara akaniambia niandike. Nikasema sitaandika.

Nilikuwa na hasira. Kihara akavuta kiti changu na mimi nikiwa juu yake, akakaa mwenyewe, akafuta, akaandika, akahifadhi. Zile skrubu zote na lile tumbo lote, na ile hard disk haikubisha hata kidogo. Aliyekaa kwa kiti ndiye alikuwa mwenye maneno.

"Mashine ni yangu," akasema. "Ukitaka yako, nunua."

Nikachukua sweta yangu, flopi aliyoniachia mzee ikiwa mfukoni, nikashika njia ya Kambi Muru. Hiyo kazi iliishia hapo, na sijawahi kuilaumu siku ile.

Adhis alikuwa ameficha yake ndani ya debe la unga. Tulipoiweka kwa bureau moja karibu na ofisi ya DO, mkuu wa tarafa, ikakwaruza krr, krr, ikakataa. Mwenye mashine akatuambia tusimwulie kompyuta na ugali. Ya Celine ilikuwa bado njiani naye, basi nikaweka yangu. Nilifunga macho. Nilipoyafungua, Oluoch alikuwa pale kwa kioo, neno kwa neno.

Jeneza lilisimama kwanza karakanani, chini ya anga, kabla basi la Siaya liondoke. Benard alikuwa amegawa programu zake zenye picha. Celine akasimama na karatasi yetu, ile tuliyochapa kutoka kwa flopi, akaanza kusoma. Alipofika kwa kutojenga, Benard akamshika mkono.

"Unatuaibisha mbele ya watu."

Adhis hakupaza sauti. "Shemeji, watu gani? Hawa wamelala kwa vitanda vyake. Celine, soma."

Akasoma. Aliposema Kambi Muru, wale majirani, watu wa vyoo vya shimo na maji ya mitungi, wakapiga makofi kwa mazishi. Mimi nililia, na silii ovyo.

Siaya nyumba ilikuwa tayari, mabati mapya yanang'aa. Adhis akasimama mlangoni, akanyoosha mikono akagusa miimo yote miwili. Wazee wakasema mwiko ukivunjwa chira, ile laana ya kuvunja mila, itamfuata. "Inifuate mimi," akasema, "imwache mzee." Walibishana mpaka jua likaenda, na yeye hakutoka mlangoni. Mwishowe vitanda viwili vikaunganishwa uwanjani, jeneza likawekwa juu yake, nje, na sisi tukakaa kando tukiimba.

Kama ile mashine ya Kihara bado inawaka, humo ndani Oluoch ana nyumba ya kudumu. Wacha imwekee. Mwenyewe hakulala humo.