Pini ya Ishirini

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa cherehani. Msimamizi wa karakana yetu mjini Kisumu, mama mkali aliyetoka upande wa Nyeri, alinipa sumaku yenye kamba na kunionyesha chini ya meza. "Okota pini zote, halafu unihesabie." Nilikuwa nimetoka kumaliza kozi ya ushonaji, nikaona ananidharau.

Nilikaa kwake miaka sita nikishona yunifomu za shule. Khaki haisumbui, ukiikunja, inakaa. Kisha nikahamia soko la Kibuye, kwenye kibanda cha mzee mmoja Mluhya tuliyemwita Fundi Mkuu. Yeye aliniita Nyar Bondo, binti wa Bondo, kwa kuwa ndiko kwetu.

Hapo ndipo nilipokutana na kile kitambaa cha manyoya laini cha blanketi za watoto. Kukishika ni raha, kukishona ni taabu. Kinateleza. Cha juu kinatembea na kukiacha cha chini, na ukifika mwisho unakuta kimezidi vidole viwili. Fundi Mkuu alinifundisha kukipapasa kwanza, nijue manyoya yamelalia wapi, kisha nipige bandi, yaani mishono mirefu ya mkono ya kushikiza tu, inayofumuliwa baadaye. "Usikivute," alisema. "Kiache kijipeleke."

Asubuhi moja alikuja Atieno, mama mmoja wa mtaa wa Nyalenda. Mtoto wake alizaliwa kabla ya wakati, akakaa hospitalini wiki nyingi, na siku hiyo alikuwa anaruhusiwa. Kabla yake Atieno alikuwa amezika wawili.

"Fundi, nishonee blanketi, nitaipitia saa saba. Huyu lazima afike nyumbani akiwa na kitu kipya."

Kwa haraka niliruka bandi, nikashikiza kwa pini ishirini. Blanketi ilitoka nzuri. Atieno aliichukua, akaenda zake. Nilipokusanya pini kwenye kikopo, zilikuwa kumi na tisa. Nikapapasa sakafu, nikakung'uta nguo zangu. Haikuwepo.

Nilipomwambia Fundi Mkuu, alisimamisha cherehani yake.

"Umempigia?"

"Simu imezimwa."

"Basi nenda, Nyar Bondo. Unangoja nini?"

Nilipanda bodaboda mpaka Nyalenda. Wanawake waliokuwa wakiteka maji walinielekeza. "Kwa Atieno? Wameingia sasa hivi."

Nilimkuta amempakata mtoto, amemfunika blanketi mpaka kidevuni.

"Dada, naomba umtoe. Nadhani kuna pini ndani."

Alimfunua, akamkagua vidole, mgongo, shingo. Mtoto alikuwa mzima, akipiga miayo. Nilipapasa blanketi mara mbili bila kuhisi kitu. Manyoya yale yanaficha. Nikaomba wembe, nikafumua pindo lote. Kwenye kona ya tatu pini ilikuwa imelala, ncha yake ikiwa imeelekea ndani.

Niliiweka kiganjani, nikangoja matusi.

"Ungeweza kunyamaza," Atieno alisema.

Aliingia chumbani, akarudi na sindano na uzi. "Haya, kaa. Ishone hapa hapa nikikuona."

Nilishona kwa mkono mpaka jua likapoa. Alimnyonyesha mtoto, akinisimulia habari za wale wawili, majina yao na jinsi walivyofanana. Nilimsikiliza bila kuinua macho.

Sasa nimestaafu, niko Bondo. Wasichana wanaoshona hunitembelea na vibanio vyao vya plastiki vya rangi rangi, wanavyotumia badala ya pini, nami nawaonyesha bandi. Nikiwasimulia habari hii hunisifu kwa kwenda. Mimi nakumbuka nilivyosimama na kile kikopo, nikijiambia kwamba pini imeangukia njiani, kwamba hakuna atakayejua. Nilisimama muda mrefu. Nilimwambia mzee yule kwa sababu nilijua hatanigombeza. Kama ningekuwa bado kwa yule msimamizi wa kwanza, sina hakika ningefungua mdomo.