Chuo Kilichookoa Muhuri Wake

Baba aliuza shamba lake la mpunga kule Mutarule kwa bei ya mtu anayekimbia, akaja kukaa kwangu Nyamianda, mjini Uvira, na mizigo ya nguo na dada yangu wa mwisho. Alisema sasa shamba lile litakuwa masomo ya huyo binti, kwa sababu wenye bunduki hawavuni kilicho kichwani. Binti mwenyewe alijua anachotaka tangu zamani: kuzalisha akina mama. Kule bondeni mwanamke akishikwa na uchungu wakati wa risasi, hubebwa mabegani mpaka afike kwa mkunga, au asifike. Dada yangu alikuwa ameyaona yote mawili. Tukikosea chuo, hapakuwa na shamba jingine la kuuza.

Wakati ule barabara ya Bukavu ilikuwa ya wenye bunduki, na mpaka wa Bujumbura ulifungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha sokoni. Tulibaki na vyuo vya Uvira. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikilipwa na wazazi siku wakikumbuka, kwa hiyo baba akanituma. "Weye unajua mambo ya masomo," aliniambia. "Enda uangalie mbele ya kutoa pesa."

Chuo cha kwanza kilikuwa Kasenga, ndani ya ukumbi wa kanisa moja dogo, ngoma za kwaya zikiwa zimesukumwa pembeni. Kibao chake kilikuwa kirefu kuliko ukuta: Sheria, Gestion ya kuendesha biashara, Informatique ya kompyuta, Maendeleo ya Vijijini, hata Petroli, ingawa petroli pekee niliyoiona karibu ni ile ya kwenye chupa wanayouziwa watu wa pikipiki. Masomo yote hayo yalifundishwa katika chumba kimoja, kwa zamu.

"Kwa Informatique, muko na ordinatere ngapi?" nilimwuliza mkurugenzi.

"Iko mbili. Moja iko kwa fundi."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni ya minye," alisema, akijigusa kifua.

Hakuona haya hata kidogo. Akaanza kunitajia malipo: ya kuandikishwa, ya mtihani, ya kurudia mtihani, na ya umeme, mahali ambapo hapakuwa hata na waya. Juu ya hayo, kila profesa aliuza karatasi za somo lake, na mwanafunzi asiyenunua alianguka hata kama majibu yake yote ni sahihi. Niliomba kusikiliza somo. Profesa mgeni, aliyekuja kutoka mbali na kuogopa njia isijifunge nyuma yake, alikuwa akimaliza somo la mwaka mzima kwa juma moja. Alisoma karatasi zake kwa sauti, pamoja na vituo na mikato, nao wanafunzi wakaandika. Hakuna aliyeuliza swali. Watoto wangu wa darasa la kwanza wangemzomea.

Swali langu la mwisho lilikuwa moja, nami naamini ndilo la kwanza kuuliza katika nchi yetu. Risasi zilipolia mara ya mwisho, chuo kilifanya nini?

Mkurugenzi alinyooka kama mtu aliyeulizwa habari za harusi yake. "Minye mwenyewe nilivuka mupaka na kashe," alisema, akigusa mfuko wa shati alimoweka muhuri. "Vyuo vingine, kashe yao iliibiwa. Ya kwetu haiyalala inje hata siku moja."

"Na wanafunzi?"

"Wanafunzi? Kila muntu alikimbia na kwao."

Kwetu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga, kila mtu anajua. Ndiyo maana mji mzima ulikisifu chuo kile. Watu walisema, pale ni pa kuaminika, muhuri wao haujawahi kupotea. Hakuna aliyeuliza unagongwa juu ya nini. Debe tupu haliachi kuvuma, na sisi tulikuwa tukilichezea ngoma.

Chuo cha pili kilikuwa nyuma ya kituo cha afya. Paa lake lilikuwa limezibwa kwa turubai, na kilifundisha jambo moja tu, uuguzi na ukunga. Walipokea malipo kidogo kidogo, kila mwezi. Mama aliyekiongoza alikuwa amevaa buti za mpira, akiosha mabeseni, na hakunipa kiti. Nilimwuliza lile swali langu.

"Tulibaki," alisema. "Wagonjwa hawakuwa na pa kwenda. Weye ndiye utasoma?"

"Hapana, ni dada yangu."

"Sasa mbona niko naongea na weye?"

Nilimchukia njia nzima ya kurudi nyumbani. Hata hivyo nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba dada yangu atasoma pale.

Nilimkuta baba amevaa koti lake la misa, anacheka peke yake. Alikuwa amekwisha lipa. Mchana ule wahitimu wa chuo cha Kasenga walipita barabarani na majoho yao, pikipiki zikipiga honi, wanawake wa kila ukoo wakiwa katika vitenge vya sare, wakiwamwagia poda ya pongezi vichwani. Baba aliwafuata mpaka ukumbini. Mkurugenzi akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwita papa, yaani baba, wa muntu mukubwa. Baba alipotaja ukunga, yule bwana alimjibu kwamba hata kuzalisha ni Gestion.

"Baba, yule muntu anauza upepo," nilisema.

"Maji ikimwangika haizoleki," alijibu. "Minye nimelima maisha yangu yote. Nataka watu wamuone mutoto wangu na poda kwa kichwa."

Nilimtazama dada yangu aseme. Akasema, "Ndiyo, baba." Kwetu binti hamwambii baba yake kwamba ametupa shamba. Nilirudi Kasenga kudai pesa, nikaambiwa pesa ikiingia chuoni inakuwa ya chuo.

Basi alisoma Gestion. Kila risasi zilipolia, muhuri ulivuka mpaka na kurudi salama, na wanafunzi wakapandishwa darasa kwa masomo ambayo hawakuyasoma. Siku ya poda ilifika. Baba alicheza mpaka akapoteza kiatu, na mimi nilipiga makofi huku nimekasirika.

Vita viliporudi mjini, majirani walijifungia kwangu, kwa kuwa nyumba yangu ilikuwa ya matofali. Kati yao alikuwamo mke mdogo wa fundi seremala, na uchungu ulimshika mchana kweupe, wakati hakuna awezaye kuvuka hata barabara. Wanawake wote walimgeukia dada yangu.

"Weye ulisoma," walimwambia. "Tusaidie."

"Nilisoma Gestion," alisema dada yangu.

Walifanya walichoweza, na yeye akashika beseni. Mama alipona. Mtoto hakulia.

Baba alikuwa upande wa pili wa pazia, pamoja nasi wanaume. Kwetu mtoto akizaliwa, wazee huuliza kwanza kama ni wa kiume au wa kike. Baba hakuuliza.