Chuo Kikuu Chafukizwa Udi

Mji wa Kale wote ulimjua Bi Mwanatumu kwa mikono yake. Harusi isiyopita mikononi mwake haikuhesabiwa harusi: huyu atapakwa hina, yule atafungiwa vikuba vya asumini, na chumba cha biharusi kitanukia hadi barabarani. Lakini harusi iliyomkosesha usingizi mwaka huo haikuwa na bwana wala bibi. Chuo kikuu kimoja cha serikali, kutoka bara, kilikuwa kikitafuta pahali pa kufungua tawi, na kilikuwa kimelitupia jicho ghala kuukuu la karafuu nyuma ya nyumba yake.

"Kikija hapa, naenda darasani na kandambili," alimwambia shoga yake Nasiha. "Kikenda ng'ambo ya daraja la Makupa, basi tena."

"Wewe, bibi mwenye wajukuu?" Nasiha alicheka mpaka mtandio ukamvuka.

"Wajukuu hawazuii kusoma."

Alikuwa amefanya mtihani wa kidato cha nne ukubwani, pamoja na kitindamimba wake Aida, akafaulu. Ila kuvuka Makupa kila siku na kumwacha mama mkwe wake aliyelala kitandani, hilo hakuliweza. Mumewe Zakariya, fundi wa makasha, alidhani hamu ya masomo imekwisha. Naye Mwanatumu hakumwambia kwamba bado anayo.

Siku ya baraza la wenyeji, ghala lilifurika. Wajumbe wa chuo waliongozwa na Bwana Bramwel, mtu mpole aliyevaa suti nzito na joto lote lile. Alieleza kwamba wenyeji wakikubali, mipango itaendelea hapo. Wakikataa, kiwanja cha ng'ambo kinangoja. Kisha akaanza kuonyesha ramani, madarasa huku, maktaba kule, na furaha ikampanda Mwanatumu kichwani kama pepo. Alipomwona mgeni anajipangusa jasho, akahisi hajakirimiwa. Akashika chetezo, akatia udi wa kutosha harusi mbili, akaupitisha safu ya mbele. Nasiha akamfuata akiwarashia watu marashi.

Sasa, kwa watu wa mtaa ule, udi ukishapita shughuli imekwisha, na anayebaki kitini hana adabu. Wanaume wakafukiza ndevu, wakashukuru Mungu, wakatafuta viatu. Wanawake wakajitanda buibui. Ghala likaanza kumwagika nje.

Bwana Bramwel akabaki ameishika ramani. "Wamekataa," alimwambia mwenzake Janet. "Hata kuwauliza sijawauliza."

Janet akaanza kuikunja.

Mwanatumu akaona kosa lake. Akakibwaga chetezo, akakimbilia mlangoni, akapiga kigelegele kirefu kama kwamba bwana harusi amevuka kizingiti. Kichochoro kizima kikageuka.

"Mwaenda wapi?"

"Udi si umepita?" akauliza Athmani, muuza kahawa.

"Umepita kwa kosa langu. Mgeni hajauliza alilokuja kuuliza. Rudini mkae."

"Bi Mwanatumu kukosea udi? Basi Kiyama ki karibu," akasema Athmani, na kuwa wa kwanza kugeuka.

Wakarudi wakicheka, wakikanyagana. Bwana Bramwel alipouliza kama wanakikubali chuo, mikono ikapanda, hata ya wale ambao hawakuwa wamelisikia swali.

"Mama," Bwana Bramwel akamuuliza, "mbona umekitaka chuo hiki namna hii?"

Mwanatumu alizoea kusema nyuma ya pazia la biharusi, si mbele ya wanaume. Akaukaza mtandio. "Nataka kusoma historia. Nataka niwe mwanafunzi wake wa kwanza."

Halafu Nasiha akapiga kigelegele, na wanawake wote wakampokea, hata popo wakatoka darini.

Nyuma kabisa, Zakariya akasimama. "Na mimi nitapikiwa na nani?"

"Chuo chenyewe hakijajengwa, Baba Aida. Anza leo kujifunza."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega, na Zakariya mwenyewe akaficha uso kwa kofia, mabega yakimtikisika. Bwana Bramwel akaitandaza ramani tena, akamwita Mwanatumu aonyeshe lango lingekaa vizuri wapi. Akaweka kidole chenye hina upande wa jiko lake.

"Hapa," akasema. "Nikiwa darasani, nisikie wali wa Zakariya ukiungua."