Eda Haikuwamo Kwenye Orodha

Mimi ni mpishi, na sioni haya kulisema hilo mbele ya mwanasheria yeyote.

Kampuni iliyonipa mkataba ni ya gesi, ile inayopoozwa mpaka igeuke maji ili ipakiwe melini. Walikuwa wakipima ardhi ya pwani yetu, waone kama patafaa kujenga matangi ya kuihifadhi. Wapimaji wao waliweka kambi Mapinga, na kambi lazima ile. Mimi na wanawake wenzangu watano wa Bagamoyo tukaomba zabuni, tukaipata: sahani arobaini kila siku ya kazi, saa sita na nusu mchana, getini.

Mkataba ulikuwa na kurasa ishirini na mbili. Mume wangu aliusoma wote kwa sauti, penseli sikioni, mimi nikichagua mchele. Yeye ndiye angekuwa dereva wetu, kwa kirikuu chake, kigari cha mizigo kilichokuwa kikipakia kila kitu kuanzia saruji hadi maharusi. Alipofika kifungu cha kumi na saba akaanza kucheka. Kilisema kila upande utasamehewa kutotimiza wajibu wake endapo litatokea tukio lililo nje ya uwezo wake, kisha ikaja orodha: vita, mafuriko, tufani, tetemeko la ardhi, maradhi ya mlipuko, mgomo, kuchelewa kwa meli, kuchelewa kwa vibali.

"Mke wangu, hawa wamejiwekea mpaka meli," akasema. "Sisi gari letu likipata pancha, hatumo."

Nikamwambia asome mbele, mchele haujajichagua. Tukatia saini. Yeye akawa shahidi wangu, jina lake chini ya langu.

Kulikuwa na sharti jingine ambalo nililidharau. Mtoa huduma mwenyewe, si mwakilishi, atie saini kwenye daftari la makabidhiano kila chakula kinapofika. Nadhani waliogopa mtu asije akaumwa tumbo wakakosa wa kumshika. Basi kila mchana nilishuka getini, nikasalimiana na afisa ugavi, nikatia saini, na mume wangu akapiga honi mara mbili kunihimiza. Alijua naichukia ile honi.

Wao ndio waliotangulia kukitumia kile kifungu. Siku moja samaki wameshakaangwa, ikaja barua: vibali vimechelewa, kambi inafungwa wiki tatu, chakula kisiletwe. "Tukio hili halikutarajiwa. Halimo ndani ya uwezo wetu. Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na saba, halihesabiwi kuwa ni uvunjaji wa mkataba." Nilitukana, sitaficha. Mtaa mzima ulikula samaki siku ile. Mume wangu akaipigilia barua ukutani jikoni kwa msumari, akasema imeandikwa vizuri, haifai kutupwa.

Kambi ikafunguliwa, tukaendelea. Miezi miwili baadaye, asubuhi, mume wangu alianguka sebuleni akifunga kamba za viatu. Alizikwa siku ileile baada ya sala ya alasiri.

Nikakaa eda. Mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ila kwa dharura. Kampuni ilitupa siku tatu za msiba, na kwa hilo nawashukuru. Matanga yalipoanuliwa, wenzangu wakawasha majiko. Wifi yangu, dada yake marehemu, akapanda kirikuu na dereva wa kukodi, akapeleka chakula. Sahani arobaini, saa sita na nusu, wali wa moto. Wakala, wakashiba, wakarudisha masufuria matupu.

Wiki iliyofuata ikaja barua ya mwanasheria. Daftari la makabidhiano halina saini ya mtoa huduma. Huo ni uvunjaji wa mkataba. Usiporekebishwa ndani ya siku kumi na nne, mkataba utasitishwa. Wifi akaniambia kuna watu wa kampuni ya chakula kutoka Dar wameshaonekana kambini wakipima mahali pa jiko kwa futi.

Kaka yangu mkubwa akaja. Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia, nikajua ana neno.

"Mdogo wangu, ni dakika tano tu. Tutakutafutia gari la vioo vyeusi. Unafika, unasaini, unarudi. Hata shehe kasema, kwa dharura inajuzu."

Ni kweli shehe alisema hivyo, sitamsingizia. Lakini nilikuwa nimeshafura.

"Dharura ya nani, kaka? Siumwi. Nyumba haiungui. Chakula wamekula. Wanachokikosa ni jina langu, na jina langu limekaa hapa kwenye mkeka, halijakimbia. Wakilitaka, walifuate."

"Utawakosesha watu riziki kwa ukaidi wako."

Hapo aliniumiza, maana ilikuwa inawezekana. Nyumba sita zilikuwa zikila kwa mkataba ule, na moja tu ndiyo iliyokuwa na eda. Nikawaita wenzangu, nikawaeleza yote bila kupunguza. Nikawaambia wakiniomba nitoke, nitatoka. Mkubwa wao, ambaye ameshazika waume wawili, akasema, "Wewe kaa. Ukitoka leo kwa ajili ya daftari, kesho mwanangu atatolewa kwenye arubaini ya uzazi wake. Kaa." Wengine wakaitikia.

Nikamtuma wifi jikoni akaing'oe ile barua ukutani. Ilikuwa imetapakaa mafuta, na tundu la msumari katikati. Nikachukua karatasi safi nikaanza kuinakili neno kwa neno, maana mume wangu alikuwa amesema imeandikwa vizuri. Palipoandikwa kampuni nikaweka jina la kikundi chetu. Palipoandikwa vibali nikaweka kifo cha mume wangu. Kisha nikaandika: "Tukio hili halikutarajiwa."

Kalamu ikakataa kwenda mbele. Tangu siku ya msiba watu walikuwa wameniambia ni kazi ya Mungu, nami nimeitikia, na ni kweli. Lakini hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba halikutarajiwa. Nililia mpaka wifi akanipokonya karatasi isilowe. Nilipomaliza kulia nikaidai, nikaandika: "Halimo ndani ya uwezo wangu." Nikataja muda, miezi minne na siku kumi, usiopungua wala kuongezwa. Mwisho nikatia maneno yangu mwenyewe: "Niliyefiwa naye ndiye shahidi wa mkataba huu. Ukurasa wa mwisho mtauona mwandiko wake. Afisa wenu anakaribishwa kwangu na daftari kila siku ya kazi."

Siku ya kumi na mbili walikuja, mwanasheria kijana na afisa ugavi. Wakakaa barazani, mimi ndani nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa."

"Mama, barua yako tumeisoma. Tatizo ni kwamba eda haimo kwenye orodha."

"Na vibali vyenu vimo. Nani aliiandika hiyo orodha?"

"Makao makuu, mama."

"Huko makao makuu hawafi?"

Nikamsikia afisa ugavi akikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

"Mwanangu," nikamwambia yule kijana, "sikuomba kusamehewa chakula. Chakula mnakipata. Naomba mje mnione nilipo. Mkisitisha, sitisheni, lakini mwandike sababu kwa Kiswahili: tumemwacha huyu mama kwa kuwa alikaa kumlilia mumewe. Nami nitaipigilia ukutani."

Wakanong'onezana kwa muda. Kisha pazia likatikisika chini, na mkono wa wifi ukaingiza daftari. Nikatia saini kwa siku zote zilizopita, taratibu, bila haraka.

Tangu siku hiyo afisa ugavi alikuja na kirikuu kila mchana. Alitoka Mapinga amebanwa kati ya dereva na wifi yangu, masufuria matupu yakigongana nyuma, akakaa barazani, akasubiri daftari litoke. Sikumwonea huruma hata kidogo. Alipozoea nilimtolea kahawa.

Eda ilipokwisha, mwaka wa mkataba nao ulikuwa umekwisha, wakaleta mkataba mpya. Mwanasheria kijana alikuja nao mwenyewe. Safari hii niliusoma mimi, kwa sauti, kurasa zote, naye akinisikiliza. Kifungu cha kumi na saba kilikuwa na neno jipya. Vita, mafuriko, tufani, tetemeko la ardhi, eda.

Akasema ameruhusu pia mwakilishi atie saini, kwa hiyo kwa kweli eda haihitajiki tena kwenye orodha, nikitaka ataifuta. Nikamwambia ibaki hapohapo, wenzangu nao wana waume.

"Basi sasa umeridhika, mama?"

Nikatazama ukurasa wa mwisho, mahali pa shahidi, ambapo bado palikuwa patupu.

"Bado," nikamwambia. "Andika na pancha."